Fundi Aliyesubiri Jibu Sahihi

Hadithi ya Erasto Mpemba sisi waandishi wa habari tumeisimulia mpaka imekuwa laini kama kokoto la mtoni. Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba anatengeneza aiskrimu. Utaratibu ni kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo uyaweke kwenye friji. Nafasi inakaribia kuisha, basi anayaweka yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda. Ya mwenzake, ambaye hakuchemsha kabisa, bado. Anamuuliza mwalimu. Anaambiwa umechanganyikiwa.

Mimi humpenda mhusika ambaye huwa tunamruka: fundi wa maabara.

Miaka baadaye Mpemba yuko Mkwawa, Iringa. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, anakuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba anauliza swali lake lilelile, wenzake wanacheka. Osborne naye haamini, lakini akirudi chuoni anamwagiza fundi alipime. Fundi analeta taarifa: ya moto yameganda kwanza, ila msijali, tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi.

Nacheka kila nikifika hapo, kisha nanyamaza. Fundi huyo namfahamu. Yupo chumba cha habari. Mwandishi anatumwa kijijini na kichwa cha habari kimeshaandikwa. Wanakijiji wakisema kinyume, anazidi kuhoji hadi ampate mmoja wa kusema alichotumwa kukisikia. Anarudi ofisini ametosheka.

Tofauti ni kwamba fundi alirudia kweli, na maji yakakataa kumtii. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha matokeo katika jarida la Physics Education.

Sasa ije sehemu inayotuuma. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia vipimo kwa makini na hawakuona ushahidi wa maana. Walionyesha pia kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini, unaweza kudhani umeliona jambo lenyewe. Wengine wakawajibu kwamba wao walipima maji kupoa hadi nyuzi 0, si kuganda. Ubishi unaendelea.

Niliposoma habari ile, uzalendo ulinipanda. Yaani jina letu moja kwenye fizikia ya dunia, nalo waje kulichokonoa? Lakini hebu fikiria: Mpemba hakuomba kuaminiwa. Aliomba watu wapime. Wanaoweka vipimajoto majini zaidi ya miaka 50 baadaye wanamfanyia kile ambacho mwalimu wake alikataa kumfanyia.

Tukisema Mpemba asihojiwe kwa sababu ni wetu, hatumlindi. Tunakaa upande wa darasa lililocheka.