Sekunde Kumi na Tatu
MPC60 ya Akai, iliyobuniwa na Roger Linn na kutoka mwaka 1988, ilihifadhi sekunde 13 tu za sauti. Watunzi wa hip hop wa Marekani waliuzoea ufinyu huo: santuri ya mizunguko 33 waliipiga kwa 45 ili ichukue nafasi ndogo, kisha wakaishusha mwendo ndani ya mashine. Sauti ikatoka na ukwaru, kana kwamba imepitishwa mchangani, na wasikilizaji wakaupenda.

Mwenye nayo leo huishika bisibisi, hugusa chuma kwanza umeme wa mwili wake usije ukaunguza kitu, akapachika vipande vya kumbukumbu. Sekunde zikawa 26. Ni neema, nani abishe? Ila santuri sasa huizungusha taratibu, na ule ukwaru anautafuta.