Pauni Mbili na Peni Arobaini

Mwenye duka la kona karibu na Melton Road, pale Leicester, alikuwa Mhindi wa Kampala, mmoja wa wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Aliuza maziwa, mkate, sigara na magazeti. Siku aliponisikia nikimbembeleza mamangu kwa Kiswahili aninunulie kitu kilichokuwa rafu ya chini, aliinua macho kutoka kwenye daftari lake. "Wewe toto ya wapi?"

"Mombasa," nikamjibu.

"Na hii kitabu ya mashetani unataka ya nini?"

Ilikuwa 1994. Nilikuwa na miaka 12, na mwaka wangu wa kwanza Uingereza ulikuwa haujatimia. "Kitabu ya mashetani" lilikuwa jarida la White Dwarf, na kwa haki ya Mungu jalada lilistahili jina hilo: dude la kijani lenye meno ya nguruwe, shoka mkononi, na moshi nyuma yake. Bei yake haikufika pauni 3. Mimi nilikuwa napewa peni 50 kila Jumamosi, jarida lilitoka mara moja kwa mwezi, na hesabu ikawa haikubali. Yule mzee akaliweka chini ya kaunta, akaandika kwenye daftari "Mombasa", na kila Jumamosi nikawa napunguza deni kwa kile nilichonacho. Sijui watoto wangapi wa mtaa ule walikuwa na ukurasa wao mle. Mimi nilikuwa nao miaka mitano.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni vita vya mezani. Unanunua visanamu vya plastiki au madini, unaviunganisha kwa gundi, unavipaka rangi kwa brashi nyembamba kama unywele, halafu wewe na mwenzio mnavipanga mezani kama majeshi mawili. Kila kikosi kinasogea kwa inchi, mnapima kwa utepe, na dadu ndizo zinazoamua nani amepigwa nani amepona. Kampuni ni Games Workshop ya Uingereza, na michezo yake mikubwa wakati ule ilikuwa Warhammer na Warhammer 40,000.

Ila visanamu ni ghali. Sanduku moja lingekula posho yangu ya miezi. Kwa hiyo kwangu jarida halikuwa habari za mchezo. Jarida ndilo lililokuwa mchezo. Kulikuwa na taarifa za mapambano, kurasa kadhaa ambamo watu wawili wanapigana mwanzo hadi mwisho, kila zamu na ramani yake, mishale myekundu huku na ya buluu kule, na kila mmoja anaeleza alikuwa anawaza nini aliposogeza kikosi kile pale. Nilizisoma kama watu wanavyosikiliza mpira redioni. Nikijua nani ameshinda, narudi mwanzo kutafuta alipokosea aliyeshindwa. Mara nyingine mlikuwa na kadi ngumu ya kukata na kukunja ikawa nyumba au ukuta, na nyumba hizo nilizipanga kwenye zulia nikazijaza maharagwe mekundu dhidi ya kunde.

Shuleni nikalikodisha. Peni 10 kwa usiku mmoja, na ukirudisha na alama ya mafuta unalipa peni 5 zaidi. Ndani ya jalada la nyuma niliandika majina ya waliolichukua. Mamangu alipoiona ile orodha alicheka mpaka akakaa. "Mwanangu, na hawa nao wanalipa kwa ajili ya madubwana haya?" Wanalipa. Kuna toleo lililopita mikono tisa, na kwa hesabu yangu ya kitoto lilinirudishia karibu theluthi ya bei.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba nililipokea jarida likiwa tayari limebadilika. Katika soko la Jumapili la vitu vya mitumba, yale ambamo Waingereza hufungua buti za magari yao wakauza mabaki ya nyumba, nilinunua sanduku la matoleo ya zamani kwa mtu aliyekuwa anataka tu nafasi kwenye dari lake. Toleo la kwanza kabisa halikuwamo. Hilo lilitoka Juni 1977 kwa peni 50, likihaririwa na Ian Livingstone, ambaye pamoja na Steve Jackson na John Peake ndio walioianzisha Games Workshop mwaka 1975. Mwanzoni lilitoka kila baada ya miezi miwili. Yale ya miaka ya 80 niliyoyapata yalikuwa ulimwengu mwingine: Dungeons & Dragons, RuneQuest, Traveller, michezo ya kampuni hii na ya kampuni ile, ubavu kwa ubavu.

Kilichonishika zaidi ni kurasa za Fiend Factory, ambako wasomaji walituma majini waliyoyabuni wenyewe. Kijana wa sekondari aitwaye Charles Stross alituma kabila la wapiganaji wenye ngozi ya manjano, githyanki. Mwaka 1981 wakaingizwa katika Fiend Folio, kitabu rasmi cha Dungeons & Dragons, na mmoja wao akawekwa jaladani. Stross mwenyewe amekuwa mwandishi wa riwaya za kisayansi. Yaani ulilipa chini ya pauni moja kwa jarida, ukatuma jini lako kwa posta, na huenda jini likakupita umaarufu.

Kisha Warhammer ikatoka 1983, Warhammer 40,000 mwaka 1987, kampuni katikati ya hapo ikahamia Nottingham, na mpaka miaka ya 80 inaisha jarida lilikuwa linazungumzia michezo ya nyumbani kwake tu. Mwishoni mwa 1987 toleo la 95 lilikuja hata na sahani laini ya plastiki yenye wimbo wa bendi ya Sabbat ya Nottingham. Nakala yangu ina mahali pa sahani, sahani hamna. Aliyeniuzia alisema siku walipoanza kuzungumzia ya kwao tu ndiyo siku alipoacha kununua, kwa sababu hakuona tena kwa nini alipe pesa kusoma matangazo. Nilimsikiliza kwa adabu. Moyoni nilijiambia kwamba yeye anaomboleza ya kwake, mimi ya kwangu yalianza pale yake yalipokwisha.

Nikapata kazi ghalani, nikaoa, nikawa na pesa ya visanamu. Hapo ndipo kitu kilipolegea, na sikukitambua upesi. Picha za majeshi yaliyopakwa rangi, ambazo zamani nilizitazama mpaka kurasa zikachoka, sasa nilizipitia haraka nikitafuta kipi kipya kimetoka na ni bei gani. Taarifa za mapambano niliziruka. Jarida lilipanda mpaka pauni 5 na peni 50 mwaka 2012, karatasi nzuri, picha safi kabisa, na nikawa nalipa kila mwezi kwa mazoea, kama mtu anayelipia televisheni asiyoiwasha.

Februari 2014 likawa la wiki. Pauni 2 na peni 40, kurasa chache, kila Jumamosi. Nilifurahi ajabu. Jumamosi tena! Bei ilikuwa kama kikombe cha kahawa, na ilikuwa chini hata ya ile niliyokuwa nakopa kwa mzee miaka 20 nyuma. Nilinunua bila kufikiri. Pembeni walitoa jingine la mwezi, Warhammer: Visions, karibu lote picha, kwa pauni 7 na nusu. Nalo nikachukua.

Mke wangu ndiye aliyefanya hesabu, nyuma ya bahasha ya bili ya gesi. "Baba watoto, Jumamosi ziko 52." Mara 2.40 ni pauni 124 na peni 80. Nilikuwa nimezoea kutumia pauni 66 kwa mwaka. Hapo bado lile la picha. Akauliza, bila ubaya wowote, ni lini mara ya mwisho nilisoma moja likaisha. Nilikwenda kwenye droo. Mengi hata hayakuwa na mkunjo.

Nikaacha. Mzee wa duka alikuwa ameshafunga zamani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Septemba 2016 la wiki lilikuwa limekwisha, la mwezi likarudi, nene, pauni 5 na peni 99, na toleo la kwanza liliambatana na kisanamu cha bure, kuhani wa vita, ambacho peke yake dukani kilizidi bei ya jarida. Nilinunua mawili. Nilikuwa nakwenda nyumbani Mombasa Desemba, na mtoto wa dada yangu pale Kibokoni alikuwa na miaka 12.

Kisanamu alikitazama, akashukuru, akakiweka juu ya kabati. Jarida alilala nalo. Siku ya tatu nilikuta mkeka umetandikwa barazani na juu yake majeshi mawili ya vizibo vya soda, vyekundu upande mmoja na vya rangi ya chungwa upande wa pili, dadu za ludo, na utepe wa inchi wa mamake ambaye ni fundi cherehani. Alikuwa anaicheza taarifa ya mapambano ya mle ndani, zamu kwa zamu, akijaribu kumwokoa aliyeshindwa.

"Mjomba, hii 5.99 ni shilingi ngapi?"

"Kama 800."

Alinyamaza. Shilingi 800 pale si mchezo. Nikaona anageuza vizibo vitatu, kama anayevihesabu upya.

Tangu hapo nanunua tena, na nimekuwa mkali wa kulisoma kabla sijalituma, la sivyo ananiuliza maswali nikakwama. Posta inazidi bei ya jarida lenyewe, kwa hiyo nangoja mtu anayesafiri, na mara nyingine matatu yanakwenda pamoja. Nilipokwenda 2018 nililikuta lile la kwanza limevalishwa karatasi ya kaki kama kitabu cha shule, jina na darasa juu yake, jalada na bei vyote chini ya kaki. Ndani, kwa kalamu ya risasi, kulikuwa na orodha ya majina. Nilihesabu 14, mawili yakiwa ya wasichana, na moja limekatwa kwa mistari miwili. Nilipouliza huyo amefanya nini, nikaambiwa alirudisha likiwa na mafuta ya viazi karai.

Dada yangu alikuwa mlangoni, kitambaa begani. "Wewe cheka tu," akaniambia. "Huu ni utepe wa tatu nanunua."