Totnes, Mji Mdogo wa Mto Dart

Ukitaka kuujua mji wa Totnes, anza darajani. Mji huu uko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kando ya mto Dart unaoshuka kutoka nyanda za juu za Dartmoor. Bahari iko mbali kidogo, huko Dartmouth. Lakini maji yakijaa hupanda mtoni mpaka Totnes, yakakoma kwenye ukuta wa mawe uliojengwa kukatiza mto. Ukivuka daraja, njia nyembamba yapanda kilima, yapita chini ya lango la kale, nayo ngome ya Wanormani yakutazama kutoka juu. Wenyeji hawafiki 10,000. Ijumaa kuna gulio, na hapo usingejiona mgeni sana: mboga, mkate, nguo kuukuu, na maneno mengi.

Utauliza, mji kama huu una habari gani? Mwaka 2006 mwalimu mmoja, Rob Hopkins, alianzisha huko na wenzake chama kiitwacho Transition Town Totnes. Kabla ya hapo alikuwa akifundisha Kinsale, katika Ireland, na mwaka 2005 yeye na wanafunzi wake waliandika mpango wa namna mji unavyoweza kuishi kwa mafuta machache. Hofu yao ilikuwa hii: chakula chafika kwa malori, nyumba zapashwa moto kwa gesi na mafuta, je, vitu hivi vikiadimika? Wewe uliyewahi kurudi na chupa tupu ya mafuta ya taa huna haja ya kuelezwa.

Mwaka 2007 wakachapa noti zao wenyewe, zinazopokewa katika maduka ya mji tu, ili fedha isikimbie. Baadaye ilikuwapo hata noti ya pauni 21! Lakini mwaka 2019 zikakomeshwa, maana watu wengi walikuwa wameacha kulipa kwa noti za aina yo yote.

Kwa maoni yangu, kazi yao bora ni ile isiyoonekana barabarani. Nyumba sita, nane au kumi za mtaa mmoja zilikutana kwa zamu, leo kwa huyu, mara nyingine kwa yule. Waliweka mezani bili za umeme na maji, walisoma pamoja kijitabu, na kila mmoja aliahidi jambo dogo: kuziba ufa wa dirisha, kupunguza moto, kutotupa chakula, kwenda dukani kwa miguu. Mkutano uliofuata aliulizwa, je, umefanya? Tena fikiri: katika nchi ile mtu aweza kukaa miaka mingi asijue jina la jirani yake. Mamia ya kaya ziliingia katika mpango huo, gharama za nyumbani zikapungua, na mwaka 2011 ukapewa tuzo ya Ashden. Wengi walisema faida waliyoipenda zaidi ni kujuana.

Si yote yaliyofanikiwa. Karibu na stesheni ya reli kulikuwa na kiwanda cha maziwa, kilichofungwa mwaka 2007, na watu wakakosa kazi. Wananchi walifanya mipango kwa miaka mingi ya kujenga pale nyumba za bei nafuu na mahali pa kazi, na mwaka 2016 walipopiga kura, watu 86 katika kila 100 walikubali. Lakini ardhi haikuwa yao. Kufikia mwaka 2021 mwenyewe alikuwa ameiuza kwa mwingine. Hebu fikiri uchungu wa waliohudhuria mikutano ile yote.

Hata hivyo ukipita huko leo, tazama kando ya njia na katika viwanja vya watu wote. Utaona miti ya jozi na lozi waliyoipanda. Mingine ina jirani aliyejitolea kuiangalia, na mpita njia ye yote aruhusiwa kuokota matunda yake.