Mtu wa Majina Mawili

Katika michezo ya kuigiza kuna watu wa namna mbili. Wa kwanza ni shujaa, ambaye picha yake hubandikwa mlangoni, na ambaye kijana akitoka kuutazama mchezo hutamani kufanana naye. Wa pili ni yule anayeigiza watu wa kila siku: mzee mkaidi, mlinzi wa lango, jirani mdaku, mdeni asiyelipa. Ushujaa huchakaa pamoja na ujana. Lakini huyu wa pili huweza kudumu miaka mingi, kwa kuwa ulimwengu haujapata kukosa wazee wala majirani.

Hollywood ya Marekani ilikuwa naye mmoja, Walter Brennan, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1974. Alipokuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, alikuwa amekwisha kuzoea kuigiza vikongwe. Hakuwa na sura ya shujaa, lakini alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi mara tatu, kwa filamu za mwaka 1936, 1938 na 1940.

Nasi Kenya tulikuwa na wetu. Benson Wanjau alizaliwa mwaka 1937. Tangu miaka ya 1980 alionekana katika vichekesho vya televisheni ya taifa, na zaidi katika mchezo wa Vitimbi, akiwa Mzee Ojwang', mumewe Mama Kayai, ambaye aliigizwa na Mary Khavere. Ungalimwita njiani kwa jina la Wanjau, watu wachache wangaligeuka kutazama. Ungaliita, "Mzee Ojwang'!" njia nzima ingalijaa kicheko. Jina la mchezoni lilikuwa limelimeza jina la nyumbani.

Sasa, msomaji wangu, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye shabaha yangu. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ojwang' alikuwa Mjaluo. Kiswahili alichokisema mchezoni kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo, nacho kilimkaa vema hata watazamaji wengi wakashangaa walipoambiwa kabila lake.

Pengine utaniuliza: Je, kuigiza matamshi ya watu wengine si dhihaka? Swali ni la haki, na mimi mkaaji wa Gotu nimelifikiri sana. Hapa, upande wa mashariki ya mji wa Isiolo, mto Ewaso Nyiro hupita chini ya daraja katika njia ya kwenda Merti. Katika nchi hii yetu kavu Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali wote huhitaji maji na malisho, na kila mmoja huja na Kiswahili chake. Nimewasikia vijana wakiigiza matamshi ya jirani. Aghalabu huchukua neno moja au mawili, wakayavuta, wakayapinda, wakacheka. Hawajui jirani huyo humwitaje mama yake, wala hutumia maneno gani anapofiwa. Kuiga kwa namna hiyo ni sawa na kutupa jiwe. Leo linachekesha, kesho ukame ukizidi na maji yakipungua, litaumiza.

Kazi ya Wanjau ilikuwa nyingine. Neno moja lililopindwa huchekesha kwa dakika moja. Haliwezi kumlisha mwigizaji miaka thelathini. Ilimpasa kumjenga mtu mzima: mume, mzee wa nyumba, mwenye kiburi na hofu, mwenye ubishi na haya. Mtu hawezi kumjenga mwenzake kiasi hicho bila kumsikiliza kwanza, na kusikiliza kwa muda mrefu hakukai pamoja na dharau.

Kumbuka pia nyakati alizoishi. Mwishoni mwa mwaka 2007, baada ya uchaguzi mkuu, nchi yetu ilishikwa na fitina. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa na wengine wengi sana wakakimbia makwao, kabla mapatano hayajatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Miongoni mwa waliotazamana kwa uadui siku zile walikuwa Wakikuyu na Wajaluo. Wakati huohuo alikuwapo mtu aliyekuwa amezichukua jamaa hizo mbili katika koo moja kwa miaka mingi, akapendwa na zote mbili. Sisemi kwamba kichekesho kingaliweza kuzuia panga. Hakikuzuia. Nasema kwamba ushahidi ulikuwa umewekwa mbele ya macho yetu, ndani ya nyumba zetu, nasi tuliucheka bila kuusoma.

Mnamo mwaka 2012 nchi ilisikia kwamba macho ya mzee yamefifia, naye akaiacha kazi. Mtu aliyechekesha taifa hakuwa na akiba ya kutosha kujitibu. Wakenya walichanga fedha. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza katika ngozi ya watu wengine, akatunzwa na wote. Hata hivyo, si fahari kwa nchi kungoja mpaka mtumishi wake apofuke ndipo ikumbuke kumlipa. Alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, na magazeti yaliyotangaza kifo cha Wanjau yalilazimika kuandika pia jina la Ojwang', ili wasomaji wajue ni nani aliyekufa.

Basi, mwanafunzi, siku utakapopewa nafasi ndogo katika mchezo wa shule, usinune. Ukiambiwa uwe mzee wa kabila jingine, usikimbilie kupinda maneno. Nenda ukakae na mzee wa namna hiyo. Msikilize akiuza mbuzi, akigombeza mjukuu, akisimulia msiba wake. Ukiweza kusema kama yeye anavyosema akiwa na huzuni, hapo umestahili kuwachekesha watu kwa sauti yake.