Msimamizi na Kitabu cha Kanuni

Huenda wewe, msomaji, katika utoto wako ulicheza kalongolongo. Mmoja alikuwa baba, mwingine mama; udongo uligeuka ugali, na majani ya ua wa jirani yakawa mboga. Hapakuwa na kitabu kilichoamuru nani awe nani. Mtoto aliposema kuwa kopo lile ni basi liendalo Thika, likawa basi, mpaka mwenzake aliposema kuwa ni sufuria. Hapo ugomvi ulizuka, na aghalabu mchezo ulikufa papo hapo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuamua.

Upo mchezo ulio ndugu wa kalongolongo, unaochezwa na waliokwisha kukua kidogo, mezani, kwa karatasi, penseli na dadu. Kila mchezaji hujitwalia mtu wa kubuni, awe mwindaji, mganga au mwizi aliyetubu, akatenda kwa niaba yake. Mmoja tu hana mtu wake: huyo ni msimamizi, ambaye huwasimulia wenzake wanayoyaona njiani, kisha huwauliza watafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa, na kitabu cha kanuni husema ni hesabu gani itoshayo. Wa kwanza katika michezo hii kuchapishwa na kuuzwa ulikuwa Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Tangu siku hizo wachezaji hawajaacha kubishana juu ya swali moja: mwenye neno la mwisho ni kitabu, au ni msimamizi?

Ruiru ninakokaa, vijana wa ploti yetu hucheza mchezo huu wakati wa likizo, nami hukaribishwa kuketi kando na kikombe changu cha chai. Majoka na ngome za Ulaya hawakuvipenda sana. Msimamizi wao, binti wa kidato cha tatu, ameihamisha safari yote ikaja kwetu: wasafiri huondoka Ruiru kwa miguu, hupita Thika mahali Mto Chania na Mto Thika inapokutana, na tamaa yao ni kufika Fourteen Falls, ambako Mto Athi huporomoka karibu na mlima wa Kilimambogo.

Siku moja waliikuta Chania imefurika. Kitabu kilisema kuwa avukaye mto wenye nguvu sharti atupe dadu ya pande 20 na kupata 15 au zaidi. Mvulana mmoja akasema hatatupa kitu. Atakata mkonge, achune nyuzi, asokote kamba, aifunge mtini, na wote wavuke wakiishika. Kitabu hakikuwa na neno juu ya kamba.

"Dada, kanuni ni kanuni," akasema mwenye kukishika kitabu. "Kumi na tano."

Binti alinyamaza kidogo, kisha akaamua. "Kamba inatosha, hamtatupa dadu. Lakini kusokota kamba ya urefu huo kutawachukua mpaka jioni, na wale wanaowafuata wako njiani." Wote walikubali, hata yule mwenye kitabu.

Tafadhali iangalie hukumu hiyo vizuri. Sababu yake ilitoka katika mto na kamba, wala si katika mapenzi ya msimamizi kwa mchezaji fulani. Ilikuwa na gharama yake. Tena ilitamkwa mapema, kila mmoja akiwa bado na nafasi ya kuchagua njia nyingine. Msimamizi anayengoja dadu ianguke, akaona rafiki yake amepata 3, ndipo akakumbuka kuwa mto haukuwa na kina, huyo hakubuni kitu, amehonga. Wenzake wakimtambua mara moja, hakuna tena mto wa kuogopwa katika hadithi yake.

Ubishi huu ni mkongwe kuliko michezo ya dukani. Mwaka 1824 afisa kijana wa Prusia, Reisswitz, alitoa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, wenye dadu na majedwali ya kukadiria hasara ya kila upande, pamoja na mwamuzi wa kuyasimamia. Maafisa walijifunza mengi, walakini hesabu zilikuwa nyingi na mchezo ulikwenda polepole. Mwaka 1876 afisa mwingine, Verdy du Vernois, alishauri dadu na majedwali viachwe, mwamuzi mzoefu aamue kwa akili yake. Neno "mzoefu" ndilo lililobeba mzigo wote. Mtu aliyeviona vita aweza kukisia kwa haki nini hupata kikosi kinachopanda kilima. Asiyeviona atakisia tu.

Yamkini sasa unadhani kuwa mimi ni mtu wa kukitupa kitabu. La. Fikiri juu ya vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Jawabu ni yai, nawe waweza kuleta tikiti na kutetea tikiti lako mpaka usiku wa manane, lakini mila imekwisha kuamua. Jambo hilo laonekana kama ukaidi. Hata hivyo, kwa sababu jawabu ni moja na lajulikana, mtoto wa miaka 6 aweza kumshinda babu yake mbele ya watu na kumwambia, "Nipe mji!" Babu hutoa mji. Kama jawabu lingekuwa ni lile linalotetewa kwa ufasaha zaidi, mtoto asingepata hata kijiji.

Namjua kijana mmoja mwenye kigugumizi. Zamani alicheza na kundi moja la Thika ambalo halikuwa na kitabu wala dadu. Kila jambo liliamuliwa na msimamizi baada ya kusikiliza maneno ya wachezaji. Wenye ndimi nyepesi waliua simba na kupata hazina. Yeye, kabla hajamaliza sentensi, mtu wake alikuwa amekwisha kuanguka shimoni. Alikwenda mara tatu akaacha. Sasa hupanda matatu kuja Ruiru kila Jumamosi ya likizo, kwa sababu hapa akitupa dadu ikaonyesha 18, ni 18, wala hakuna msemaji awezaye kuipunguza. Kwake yeye kanuni si pingu. Ndiyo ulimi wake.

Binti yule analijua jambo hili, nadhani, maana ana daftari. Kila hukumu aliyoitoa pasipo kitabu huiandika humo, ili atakayefika kesho ahukumiwe kama wa leo. Juu ya Chania ameandika: "Kamba ya mkonge, mpaka jioni, bila dadu." Ni yule kijana mwenye kigugumizi aliyelifungua juma lililopita, wasafiri walipofika kwenye kijito chembamba, akaweka kidole juu ya mstari huo bila kusema neno. Mwenye kitabu akapinga kuwa kijito si Chania, hakihitaji kamba ya kusokotwa mpaka jioni. Binti akaomba dakika 5 za kufikiri. Nilipoitwa kwenda kula, walikuwa wangali wanapima upana wa kijito kwa rula juu ya ramani.