Yatima wa Lang'ata na Shamba la Voi

Je, msomaji, wewe uliyezoea kumwona ndovu kwenye sarafu ya shilingi 20 pekee, wajua kwamba wako ndovu wachanga wanaonyweshwa maziwa kwa chupa, safari fupi tu kutoka katikati ya jiji?

Jumamosi moja nilimpeleka huko rafiki yangu wa tangu chuoni, aliyekuwa amefika kunitembelea kutoka kwao karibu na Voi. Nilipomtajia safari hii aliguna. Msimu uliotangulia ndovu walikuwa wameingia katika shamba la mamake usiku na kuyalaza mahindi yote. "Nyinyi watu wa Nairobi mnalipa kwenda kuwaona," aliniambia. "Sisi tunalipa wakija kutuona."

Tulipanda matatu ya Ongata Rongai, namba 125, katika kituo cha Railways. Ukifika Uwanja wa Nyayo matatu huingia Barabara ya Lang'ata, ikaupita uwanja wa ndege wa Wilson na Bomas, kisha ikashika Barabara ya Magadi. Mwambie utingo mapema akushushe lango la Mbagathi la Mbuga ya Nairobi, la sivyo utajikuta Rongai. Wala usiende kwa kubahatisha. Nafasi huwekwa kabla, na wageni hupewa saa moja tu, kuanzia saa tano hadi saa sita adhuhuri.

Shirika linalowalea yatima hawa lilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick, kumkumbuka mumewe David, aliyekuwa mlinzi mkuu wa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Mama huyu, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa ya kuwafaa ndovu wachanga. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe huwadhuru, na wengi walimfia mikononi. Hatimaye aligundua kwamba mafuta yanayowafaa ni ya nazi. Naam, nazi hii hii ya kupikia wali!

Mwaka 1974 alifaulu kumlea kitoto kiitwacho Aisha kwa maziwa hayo. Lakini Daphne alipoondoka kwa siku chache kwenda harusi ya bintiye, Aisha alikataa kula na akafa kwa majonzi. Ndiyo sababu leo walezi hupokezana, ili yatima asimzoee mtu mmoja. Usiku hulala nao zizini, wakiamka kila baada ya saa tatu kuwapa maziwa.

Saa tano ilipogonga walitokea mbio kwenye udongo mwekundu, masikio yakipepea, kila mmoja akimkimbilia mlezi mwenye koti la kijani na chupa. Watoto wa shule waliokuwa kwenye kamba walipiga mayowe. Mlezi mmoja alieleza kwa kipaza sauti jinsi kila yatima alivyopatikana. Huyu mamake aliuawa na majangili, yule alitumbukia kisimani, wale waliachwa na ukame. (Ukame wa mwaka 2022 pekee uliua ndovu zaidi ya 200 nchini.)

Rafiki yangu alisimama kimya. Kitoto kimoja kilikuja kikamnusa kiganja, kisha kikaenda zake kugaagaa matopeni. Baadaye alimwendea mlezi aliyekuwa karibu.

"Na wakikua?"

Mlezi alimweleza kwamba wakifika umri wa miaka mitatu hivi hupelekwa Voi, Ithumba au msitu wa Kibwezi, ambako hujifunza polepole kuishi na ndovu wa porini.

"Kumbe mnawarudisha kwetu!"

Nilidhani mlezi atacheka. Hakucheka. Alisema kwao pia mahindi hulindwa usiku kwa kupiga madebe. Wakaanza kuzungumza kuhusu fidia, ambayo sheria ya mwaka 2013 inaitambua. Mamake rafiki yangu alikuwa amejaza fomu, na jibu lilikuwa bado. Mlezi akauliza kama wamejaribu ua wa mizinga ya nyuki, maana ndovu humwogopa nyuki. Rafiki yangu alitoa kalamu akaandika kitu nyuma ya tikiti.

Jioni, tukiwa nyumbani kwangu, alimpigia mamake simu. Alimweleza habari za msongamano wa magari, bei ya nyanya, na mvua. Aliuliza kama babu bado ana ile mizinga ya zamani. Mahali tulikoshinda mchana hakupataja.