Maji ya Moto na Usingizi Mzuri: Usiku Mmoja Kibera na Asubuhi Kawangware

Mtu atokaye shamba kwenda Nairobi kwa shughuli zake aghalabu hurudi kwao na habari za magari, majumba marefu na bei za vitu. Ni nadra sana kurudi na habari za kupumzika. Hata hivyo, jina lenyewe la mji huo latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi, kwa kuwa kabla ya reli kufika hapo mwaka 1899 palikuwa ni bonde la chemchemi, ambako wafugaji walinywesha mifugo na kutua mizigo yao. Basi si ajabu kwamba hata leo jambo kubwa katika vitongoji vya mji huo ni maji: yapatikane wapi, kwa bei gani, na mtu aliyechoka aogee mahali gani.

Kibera iko upande wa kusini-magharibi wa Nairobi. Asili yake ni makazi ya askari wa Kinubi wenye asili ya Sudani, waliotumika katika jeshi la King's African Rifles, nao wakapewa nafasi ya kukaa katika msitu uliokuwa nje ya mji mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa lugha yao mahali hapo waliita Kibra, yaani msituni. Miti ilikatwa, nyumba zikaongezeka, na watu wa makabila yote ya Kenya wakaja kupanga vyumba humo. Hesabu ya watu ya mwaka 1999 na ile ya 2009 zilionyesha jinsi mahali palivyosongamana; ile ya 2009 ilitaja watu 170,070 katika eneo ambalo mtu mwenye miguu mizuri aweza kulivuka kwa muda mfupi. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi walipewa hati ya ardhi ya ekari 288, baada ya kuidai kwa miaka mingi.

Si mbali na hapo, katika vitongoji vya Lang'ata na Karen, ziko nyumba za aina nyingine kabisa. Baadhi yake zilijengwa zamani kuwa makazi ya walowezi, kisha zikageuzwa kuwa hoteli za kupumzikia. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Giraffe Manor, iliyojengwa mwaka 1932, ambako twiga huingiza vichwa vyao madirishani wakati wageni wanapokula. Mgeni hufika jioni, huoga maji ya moto, hukandwa mwili, hulala, na asubuhi huondoka akiwa mwepesi. Fedha zilipwazo kwa usiku mmoja katika nyumba kama hiyo ni kodi ya miezi mingi kwa mpangaji wa Kibera.

Lakini msomaji asidhani kwamba kuoga vizuri na kupumzika ni mambo yaliyoletwa na hoteli. Watu wa pwani wayajua tangu zamani. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, alijengesha hamamu katika Mji Mkongwe, na mtaa ule ukaitwa Hamamni hata leo. Palikuwa na vyumba vya maji ya moto na vya maji baridi, na mahali pa kunyolea, na watu wa mjini waliingia kwa malipo. Hamamu hiyo ilikwisha kufungwa ilipofika mwaka 1920, na sasa wageni huitazama kama kumbukumbu tu, birika zake zikiwa kavu. Ile haja iliyoijenga, hata hivyo, haikukauka. Yaonekana kila jioni katika vichochoro vya Kibera.

Na tuchukue mfano wa mzee mkulima atokaye magharibi ya nchi kumwona mwanawe aliye karani mjini. Amesafiri tangu alfajiri, magoti yameganda, na vumbi limemjaa hata kwenye nyusi. Mwanawe humpokea kituoni na kumwambia, "Shikamoo baba, pole na safari. Nipe huo mfuko." Wawili hao huvuka njia ya reli iendayo Kisumu, ipitayo katikati ya makazi, huku wachuuzi wakiondosha bidhaa zao pembeni treni ipitapo na kuzirudisha mara ikishapita. Kisha hushuka kwenye kichochoro chembamba ambamo watu wawili wakikutana sharti mmoja ageuke ubavu.

Chumba cha mwana ni cha udongo na mabati, na upana wake ni kama hatua nne kila upande. Hicho nacho ni jengo lenye kugeuzwa, tena hugeuzwa mara kadhaa kwa siku. Asubuhi ni jiko. Mchana mlango ukifunguliwa huwa duka dogo la mkewe, auzaye sukari na mafuta ya taa kwa vipimo vidogo. Jioni ni sebule. Na usiku, pazia likishavutwa katikati, huwa vyumba viwili vya kulala. Mkwewe humpokea mzee kwa heshima, akipiga magoti kidogo kama alivyofunzwa kwao, na kusema, "Karibu sana, baba. Chai iko tayari, lakini labda ungependa kuoga kwanza, kabla bafu halijafungwa."

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Nyumba nyingi za Kibera hazina bafu wala choo ndani. Zamani, na mahali pengine hata sasa, watu waliogea nyuma ya pazia la gunia, na usiku walitumia mifuko ya plastiki iliyotupwa nje gizani, jambo lililoleta maradhi na aibu. Mwanamke aliyetaka kutoka usiku alijihatarisha. Ndiyo sababu vikundi vya wenyeji, pamoja na mashirika kama vile Umande Trust, vilianza kujenga majengo ya pamoja yenye vyoo na mabafu. Moja lililoko Gatwekera liliitwa Tosha, na jina hilo lafaa, maana ni neno la mtu anayedai kiasi kinachomstahili na kukoma hapo.

Mzee hupewa taulo, sabuni na dodoki, na mwanawe humsindikiza. Jengo lenyewe ni la mawe, la mviringo, lenye ghorofa, nalo husimama juu ya mapaa ya mabati kama mama kati ya watoto. Mlangoni huketi mtumishi mwenye daftari na kisanduku cha fedha. "Karibu, mzee. Ya moto au ya baridi?" Mzee hujibu kwamba ya moto, kwa kuwa mifupa yake imechoka, na mwana hutoa shilingi chache. Ndani ni sakafu ya saruji iliyosuguliwa, mlango wenye komeo la kweli, na ndoo itoayo mvuke. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mzee huwa peke yake. Hakuna anayemsukuma wala anayemwuliza nauli. Hujimwagia maji taratibu, hujisugua mgongo kwa dodoki, na kuimba kidogo kwa sauti ya chini, kama afanyavyo kando ya mto wa kwao.

Akitoka, huuliza maji yale huchemshwa kwa kuni gani, maana hakuona moshi. Jibu humstaajabisha. Chini ya jengo limejengwa shimo kubwa la matofali lenye umbo la kuba, lisilopitisha hewa. Taka za vyooni huingia humo, na vijidudu visivyohitaji hewa huzila na kutoa gesi iitwayo methani, ambayo huwaka kwa mwali wa buluu. Gesi hiyo hupanda kwa bomba hadi jikoni, ambako wenyeji hupika kwa malipo madogo, na katika baadhi ya majengo huchemsha maji ya kuogea. Ghorofani huwa pana ukumbi wa kukodishwa kwa mikutano na masomo, na mapato hulipa mshahara wa mtumishi na matengenezo. Mkulima yeyote ajuaye kazi ya samadi ataelewa upesi: kilichokuwa uchafu wa kukimbiwa kimerudi kuwa faida ya nyumba. Afisa kilimo angalieleza jambo hilo kwa saa nzima. Mzee huyu amelielewa kwa ndoo moja.

Hata hivyo, raha hiyo ina upungufu wake, wala si vema kuuficha. Kwanza, bafu hufungwa usiku, na achelewaye kazini hulala na jasho lake. Pili, shilingi chache kwa mtu mmoja si neno, lakini kwa baba mwenye watoto watano kila siku ni mzigo, na wengi huoga nusu beseni nyumbani ili kuokoa fedha. Tatu ni maji yenyewe. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilieleza kwamba watu wa vitongoji maskini vya miji kama Nairobi hulipa bei mara tano hata kumi ya ile wanayolipa matajiri wa mji uo huo kwa kipimo kile kile cha maji. Hesabu yake si ngumu. Mita moja ya ujazo ya maji hujaza mitungi hamsini ya lita ishirini. Anunuaye mtungi kwa shilingi tano atakuwa amelipa shilingi 250 atakapomaliza mita moja, na mgongo wake umebeba mitungi yote hamsini. Siku maji yanapokatika bei hupanda, na wako watu wanaofurahi yakatike.

Kwa ajili ya hayo shirika la SHOFCO, lililoanzishwa na vijana wa Kibera mwaka 2004, lilipitisha mabomba ya maji juu ya nguzo, badala ya kuyazika ardhini ambamo yalitobolewa na kuibwa, au kuingiliwa na maji machafu ya mifereji. Mabomba hayo huonekana yakipita juu ya mapaa kama nyaya za simu, yakielekea kwenye vibanda vya kuuzia maji.

Usiku huo mzee hula ugali na sukuma wiki, akasimulia habari za mvua na ndama aliyezaliwa. Nje redio za majirani hazinyamazi, na mtoto hulia upande wa pili wa ukuta kana kwamba yumo chumbani. Mzee hudhani hatapata usingizi. Lakini mwili uliooshwa kwa maji ya moto haubishani na kelele. Kabla mwanawe hajazima taa, mzee amekwisha lala.

Asubuhi husafiri pamoja hadi Kawangware, ambako mzee ana ndugu yake mfanyabiashara. Njia hupita barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kisha hufuata barabara ya Naivasha. Kawangware iko magharibi ya mji, nayo imepakana na Lavington, kitongoji cha matajiri, hata mtu aweza kutoka kwenye nyua za maua na kuingia sokoni kwa dakika chache. Watu wa Kawangware hupajua mahali kwa namba za matatu, wakisema "Arobaini na Sita" au "Hamsini na Sita" kama mwingine asemavyo jina la kijiji. Asubuhi na mapema magunia ya kabichi, viazi na sukuma wiki hushushwa kutoka mashamba ya Kiambu, na mkulima yeyote atajihisi yuko nyumbani akisikia mabishano ya bei.

Kando ya soko vimo vyumba vya mabati, na hata makontena makuukuu ya meli yaliyokatwa milango na madirisha, ambavyo vimegeuzwa kuwa vinyozi. Ndugu humwingiza mzee katika kimojawapo. Hunyolewa nywele na ndevu, huwekewa taulo la moto usoni, kisha kijana hukanda kichwa, shingo na mabega yake hata viungo vikalia. Hiyo ndiyo hamamu ya siku hizi kwa mtu wa kipato kidogo: haina birika la mawe kama la Unguja, lakini maji ni ya moto na mikono ni ya ustadi. Mzee, aliyekuja mjini akiwa ameinama, hutoka amenyooka.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema kwamba kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na ya usafi wa kiasi kinachofaa. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali kwamba maji na usafi ni haki za binadamu. Maneno hayo ni mazuri, lakini kipimo chake kiko mlangoni pa bafu, pale mtumishi anapouliza, "Ya moto au ya baridi?" na mtu anapopekua mfuko wake kabla ya kujibu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Jioni ile, mzee alipokuwa akioga, mwanawe naye alilipia ndoo ya pili na kuingia bafu la jirani. Hakuwa ameoga maji ya moto kwa muda mrefu, kwa kuwa aliona ni gharama isiyo ya lazima. Alipotoka, baba yake alimtazama usoni na kusema, "Sasa nakujua, mwanangu." Mkewe, aliyewahimiza wawahi kabla bafu halijafungwa, alikuwa nyumbani akipima sukari kwa mteja wa mwisho, zamu yake ilingoja kesho.